Mkunazini asubuhi, Kariakoo jioni: mwongozo kamili wa safari ya Unguja na watoto wadogo

Familia nyingi za bara zikipanga safari ya Unguja na watoto huwaza ufukwe, halafu zikishafika mjini mtu mmoja anasema, "Basi tupitie na soko la watumwa." Wanapita saa sita mchana, jua la utosi, mtoto wa miaka minne ana njaa, wa miaka saba ana maswali ambayo hakuna aliyejiandaa kuyajibu. Wanatoka wote wamenuna. Wengine huliepuka eneo lile kabisa kwa kusema watoto bado wadogo.

Mimi naamini watoto wadogo wanaweza kupelekwa Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe lilipokuwa soko hilo, na wanaweza siku hiyohiyo kucheza kwenye viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo ya Unguja bila jambo moja kuliharibu lingine. Siri ni mpangilio: kumbukumbu kwanza, kwa muda mfupi, asubuhi, kisha chakula na usingizi, kisha michezo jioni. Ukigeuza, mtoto unayemtoa kwenye bembea umpeleke makumbusho atalia, na utakuwa umemfundisha kuichukia kumbukumbu yenyewe. Ukibana vyote asubuhi moja, hakuna atakachokielewa.

Mwongozo huu ni kwa familia inayoanzia Dar es Salaam na watoto wa miaka mitatu hadi kumi hivi. Ni usiku mbili Unguja, na siku ya ziada Kunduchi mkirudi, kwa wenye nafasi.

Kuchagua wakati

Likizo za shule za Juni na Desemba ndizo zinazowabana wengi. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni ya ubaridi kidogo na kutembea mjini ni raha, lakini kusi huvuma na bahari huchafuka, kwa hiyo jiandaeni kwa kutapika botini. Desemba hadi Februari ni kaskazi, bahari huwa tulivu zaidi ila joto ni kali. Masika, Machi hadi Mei, mimi nisingesafiri na watoto: vichochoro vya Mji Mkongwe hujaa maji, na bembea za nje zikilowa hazitumiki.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani Unguja watu hawali hadharani mchana, na migahawa mingi hufunga. Watoto wadogo hawafungi, ila utawalisha ndani, kwa staha. Sikukuu za Idi ni kinyume chake: ndizo siku kuu za watoto wa Unguja. Wanavalishwa nguo mpya, wanapewa vijisenti vya sikukuu, na jioni Kariakoo na Mnazi Mmoja hapatoshi. Ni furaha ya kuiona, lakini kama mtoto wako hajazoea umati au una watoto watatu na mtu mzima mmoja, chagua wiki nyingine.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tiketi za boti nunua ofisini au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, si kwa anayekufuata barabarani nje ya bandari. Mtanzania anahitaji kitambulisho. Kwa mtoto beba cheti cha kuzaliwa au nakala yake, kwa sababu nauli ya mtoto ni tofauti na umri unaweza kuulizwa. Wanaotoka Kenya, Uganda na kwingineko waje na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, na wasisahau kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni asiye mkazi huingia Zanzibar akiwa na bima ya safari ya huko huko. Hakikisheni masharti na bei kabla ya siku ya safari.

Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina mabaraza, ngazi, mifereji na pikipiki zinazopita pembeni yako ghafla. Kanga ya kumbebea mgongoni itakufaa kuliko gari la bei kubwa. Nguo ziwe za kufunika mabega na magoti, kwa mama na kwa baba pia, maana mnatembea katika mji wa watu wanaoheshimu stara, na asubuhi mtaingia kanisani.

Halafu kuna maandalizi yasiyoingia kwenye begi. Usiku wa kabla ya safari, kaeni na watoto mwaeleze mnakokwenda. Usianze na minyororo. Maneno machache yanatosha:

"Zamani, watu walikuwa wanakamatwa makwao, mbali huko bara, wanaletwa Unguja na kuuzwa. Walikuwa baba na mama na watoto. Ilikuwa dhuluma kubwa. Baadaye soko likafungwa. Sisi tunakwenda mahali lilipokuwa, tuwakumbuke."

Mtoto wa miaka mitano anaielewa habari hiyo vizuri sana, kwa sababu anajua kunyang'anywa ni nini. Usimwambie, "Ukitulia makumbusho nitakupeleka kwenye bembea." Bembea zipo kwenye ratiba, zimeshaamuliwa, atakwenda hata akilia. Ukizifanya ujira, unamwambia kwamba kuwakumbuka watu wale ni adhabu inayolipwa kwa peremende.

Siku ya kwanza: boti na Forodhani

Boti ya saa moja asubuhi ndiyo nzuri kwa watoto, upepo huwa haujachachamaa. Fikeni bandarini saa nzima kabla. Wapagazi watakimbilia mizigo yenu. Kama unamtaka mmoja, patana bei kwanza, kama humtaki mwambie "ahsante, tunabeba wenyewe" na uendelee kutembea.

Safari ni kama saa mbili. Kaeni sehemu ya chini, katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo. Wape watoto kifungua kinywa chepesi: mkate mkavu, ndizi, chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Simu na tableti ziwekeni kando, kwa sababu mtoto anayetazama kioo huku boti inayumba hutapika upesi; mwonyeshe upeo wa bahari. Mfuko mgumu usiovuja, taulo dogo na fulana ya kubadilisha viwe mapajani, si kwenye begi lililofungwa huko nyuma. Kama mtoto ana historia ya kutapika vibaya, muulize mfamasia mapema dawa na kipimo kinachofaa umri wake.

Siku hii msipange kitu kingine kizito. Laleni mchana. Jioni shukeni Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe, ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kuna sehemu ya watoto kuchezea, na jua likizama wauza chakula hupanga meza zao: mishkaki, urojo, juisi ya miwa, na ile chapati ya mayai na nyama wanayoiita piza ya Zanzibar. Watoto wape kinachokaangwa mbele ya macho yako kikitoka moto. Pweza na kamba waliokaa mezani tangu magharibi waachie wakubwa. Uliza bei kabla muuzaji hajaweka kitu jikoni. Vijana hukimbia na kuruka baharini kutoka ukutani, na watoto hupenda sana kuwatazama, kwa hiyo shika mkono wa mdogo wako barabara. Jengo kubwa lililo jirani ni Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020.

Siku ya pili asubuhi: Mkunazini

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo panapohitaji mpango.

Nendeni asubuhi mapema, mara baada ya kufunguliwa, kabla makundi ya watalii hayajafika kutoka hoteli za pwani. Msichague Jumapili, kanisa lina ibada. Ukitokea soko la Darajani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Njiani mtakutana na papasi, vijana wa mitaani wanaofuata watalii, watakaojitolea kuwaongoza. Hamna haja: pale getini pana waongozaji wanaolijua eneo na wanaozungumza Kiswahili fasaha. Mkipewa mmoja, mvute pembeni kabla hajaanza na umwambie wazi: "Kaka, tuna watoto wadogo. Habari za vifo na za mapigo utueleze sisi baadaye, si mbele yao." Wengi wana watoto wao na wanaelewa mara moja.

Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni tofauti, kwa hiyo kitambulisho kiwe karibu.

Anzeni nje, kwenye sanamu. Iko uani: shimo la mstatili, na ndani yake sanamu za watu watano, wake kwa waume, miili inatokeza kutoka chini, shingoni wana pingu zilizounganishwa kwa mnyororo. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mnyororo ni wa kweli, wa zama zile. Mtoto akisimama ukingoni macho yake huwa juu kidogo tu ya nyuso zao, na ndiyo maana sanamu hii humgusa kuliko maelezo yoyote. Mwache atazame. Usiseme kitu kwa dakika moja. Atauliza mwenyewe, na mara nyingi swali la kwanza ni dogo: mbona hawana viatu, mbona huyu amekasirika, miguu yao iko wapi. Mjibu hilo hilo aliloliuliza.

Sheria mbili za hapa muwaambie kabla: hakuna kukimbia ukingoni, na hakuna kupiga picha kwa mikao ya kuigiza waliofungwa. Picha ya familia imesimama kwa heshima haina ubaya.

Kisha ingieni kanisani. Hili ni Kanisa Kuu la Kristo la Anglikana. Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapohapo sokoni siku ya Krismasi ya mwaka huo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, ambaye kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni, jeupe limezungukwa na jekundu, linaloonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Kwa mtoto mdogo inatosha kumwambia, "Hapa watu waliumizwa, sasa watu wanaomba." Msalaba wa mbao uliotundikwa ulitengenezwa kwa mti wa Chitambo, nchini Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya utumwa.

Karibu na kisima cha ubatizo kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizikosea wakati askofu hayupo naye akaziacha vivyo hivyo. Watoto huipenda sana habari hii. Waache wazitafute wenyewe, wapumue kidogo.

Sasa vyumba vya chini. Viko chini ya jengo la wamisionari lililokuwa hospitali, dari yake ni fupi kiasi kwamba mtu mzima anainama, mwanga unaingia kwa tundu nyembamba, na kuna minyororo. Ushauri wangu ni huu: chini ya miaka sita wasishuke kabisa. Miaka sita hadi minane washuke wakitaka wenyewe, na watoke wakati wowote wakisema. Mzazi mmoja abaki bustanini na wadogo, kisha mpokezane. Usimruhusu mtoto kujaribisha pingu shingoni. Na kama una mtoto mkubwa anayependa kuchimba mambo, mweleze kwamba jengo la juu lilijengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama vyumba hivi kweli viliwekewa watu. Dhuluma ya Mkunazini ina ushahidi mwingine wa kutosha, kwa hiyo hakuna sababu ya kumficha mtoto mjadala huo.

Maonyesho ya biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwenye jengo hilohilo, ni mabango ya kusoma. Ni mazuri, yanafaa kwa kuanzia miaka tisa. Kwa wadogo yapite tu.

Saa moja inatosha. Mtoto akianza kujinyonganyonga kabla ya hapo, tokeni. Hamkuja kumaliza.

Maswali yatakayokuja

"Na mimi nitauzwa?" Hili litaulizwa na mdogo kuliko wote, pengine usiku. Jibu kwa kifupi na bila kusitasita: "Hapana. Sheria inakataza, na mimi na baba tupo." Mshike unapomjibu.

"Nani aliwauza?" Hapa wazazi wengi huteleza, kwa kutaja kabila au dini moja. Darasani kwa mtoto wako kuna watoto wenye asili ya Kiarabu, Kihindi, Kinyamwezi, Kiyao. Ukweli wenyewe ni mpana: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliongoza misafara, Tippu Tip akiwa mashuhuri kuliko wote, matajiri wa Kihindi walikopesha mitaji, baadhi ya watemi na machifu wa bara waliuza mateka wa vita, Wafaransa walinunua watu kwa mashamba ya miwa ya Réunion na Mauritius, na karafuu za Unguja na Pemba zikavunwa kwa mikono ya watumwa. Kwa mtoto: "Watu wa aina nyingi walishirikiana kufanya ubaya, kwa sababu ya fedha. Na watu wa aina nyingi waliupinga."

"Kwa nini hawakukimbia?" Walikimbia! Mwambie kuhusu watoro waliojenga vijiji vyao huru, kama Fuladoyo katika pwani ya Kenya. Mwambie pia kwamba watoto waliookolewa kutoka kwenye majahazi walisomeshwa hapahapa Unguja, wasichana Mbweni na wavulana Kiungani. Magofu ya shule ya Mbweni bado yapo, kusini mwa mji, na kama mna siku ya ziada ni mahali pazuri pa kumalizia habari hii, kwa sababu mtoto anaona watoto wenzake walioishi.

"Soko lilipofungwa, wote wakawa huru?" Hapana, na ni vizuri kusema hivyo. Biashara iliendelea kwa siri, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897.

Pango la watumwa la Mangapwani lipo kaskazini mwa mji. Kwa watoto wadogo, katika safari hii, mimi nisingeliongeza. Moja linatosha.

Mchana: msifanye kitu

Rudini mlikofikia. Wali, samaki, maji mengi, feni, kulala. Karatasi na penseli za rangi ziwepo. Watoto wengine huchora walichokiona badala ya kukisema. Usimwombe aeleze mchoro. Akicheka na kurukaruka kitandani nusu saa baada ya kutoka Mkunazini, usimkemee wala usimtie simanzi ya lazima. Mtoto hupokea jambo zito kwa matone.

Jioni: Kariakoo

Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo ni vya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, na wenyeji ndio wateja wakuu, jambo ambalo mimi nalipenda: watoto wenu watacheza na watoto wa Unguja, si na watalii wenzao. Kutoka Mji Mkongwe ni dakika chache kwa teksi au bajaji, mkipita upande wa Michenzani na yale majumba yake marefu. Jioni ndiyo saa yake. Asubuhi ya siku hiyo muulize mwenyeji wenu kama pamefunguliwa na kuanzia saa ngapi.

Mkifika, zungukeni mara moja bila kununua chochote. Watoto waone vyote, kila mmoja achague michezo yake mitatu ya lazima, ndipo mkanunue tiketi. Bila hivyo fedha huishia kwenye bembea ya kwanza. Tazama mwenyewe mkanda au chuma cha kuzuia kama kinafunga sawasawa kwa mwili wa mtoto wako, si kwa umri wake. Kikibaki na uwazi wa mkono mzima, mtoto huyo ni mdogo kwa chombo hicho hata kama mhudumu amemruhusu. Kanga, mitandio na kamba za kofia zisiingie kwenye chombo kinachozunguka. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, na mkubaliane mahali pa kukutana.

Hewa ikiwa na mvua, ahirisheni. Vyombo vya umeme na maji havipatani.

Kurudi, na Kunduchi kwa wanaoweza

Boti ya siku ya tatu chukueni ya asubuhi au mchana. Kama bajeti inaruhusu, kesho yake nendeni Kunduchi Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji iliyo ufukweni kaskazini mwa Dar. Mnakata kona Mtongani kutoka Barabara ya Bagamoyo. Siku ya kazi ni bora mno kuliko Jumamosi na Jumapili.

Kwa wadogo, bwawa lao la kina kifupi ndilo la kukaa, na mtu mzima awe majini nao, umbali wa mkono kuwafikia. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea, hayaokoi mtu. Mvalishe nguo ya kuogelea ya rangi ya machungwa au waridi kali. Ya buluu hupotea majini usiione. Kama ni watu wazima wawili, mmoja asiwe na simu kabisa kwa nusu saa, kisha mbadilishane. Kuanzia saa tano hadi saa tisa jua ni kali mno kwa ngozi yoyote, nyeusi ikiwemo: fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, kivuli, maji ya kunywa kila wakati. Mitelezo mirefu ina masharti ya kimo, msiyabishie.

Ondokeni kabla ya saa kumi, la sivyo mtakaa foleni ya kuelekea Mwenge na watoto waliolowa, wenye njaa na usingizi.